Una Uzamivu, Uhadhiri Haujapatikana au Huutaki: Jinsi ya Kupata Kazi Nyingine Ndani ya Chuo Kikuu

Fungua tasnifu yako kwenye ukurasa wa shukrani. Ukishawapita wasimamizi, wazazi na mwenzi wako, utakuta watu uliowataja kwa mstari mmoja: mkutubi aliyekutafutia makala zilizokuwa hazishikiki, mtaalamu wa maabara aliyekufundisha kuendesha mashine, afisa aliyekurudishia fomu ya maadili mara tatu mpaka ikakaa sawa, yule wa ofisi ya utafiti aliyekukumbusha ripoti ya mfadhili. Baadhi yao wana shahada kama yako. Hawana cheo cha uhadhiri, na wasipokuja kazini wiki moja, chuo kinakwama.

Ukurasa huo ni orodha ya kazi, ingawa hukuuandika kwa nia hiyo. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuutumia. Nauandika nikiwa nimepita njia hiyo: nilifanya uzamivu, nikaomba uhadhiri, nikakosa, nikaingia ofisi ya utafiti nikidhani napita tu. Nilibaki kwa sababu niliipenda kazi. Ninawaona wenzangu wengi wakikaa miaka wakisubiri nafasi moja ya uhadhiri huku kazi wanazoziweza zikitangazwa jengo la pili. Hesabu yake si ngumu: mhadhiri mmoja anaweza kusimamia watahiniwa kumi wa uzamivu au zaidi kabla ya kustaafu, na akistaafu anaacha kiti kimoja.

Hatua ya kwanza: Orodhesha vitendo, weka kando jina la somo

Ukiulizwa unajua nini, ulimi hukimbilia somo: isimu, kemia, historia ya uchumi. Anayetafuta mhadhiri ataridhika na jibu hilo. Ofisi za chuo hazitaridhika, kwa kuwa hazikugawanywa kwa masomo bali kwa shughuli.

Kwa hiyo chukua kalenda yako ya miezi mitatu iliyopita, au daftari lako la utafiti, uandike kila ulichofanya kwa kitenzi. Usiandike "utafiti". Andika: nilisafisha data za madodoso 400, nilipanga safari ya watafiti wasaidizi sita, nilihariri sura ya mwenzangu, nilikokotoa bajeti upya baada ya mfadhili kukata fedha, nilikaa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nikamweleza kwa nini alifeli na aanzie wapi. Kisha weka tiki pale ulipofanya bila kusukumwa, na msalaba pale ulipojiburuza.

Kuwa mkweli hapa, maana hatua zote zinazofuata zinategemea orodha hii. Ya kwangu ilinishtua. Kuandika makala kulikuwa na misalaba mingi kuliko nilivyopenda kukiri. Lakini kusoma masharti ya wafadhili, kuyapangilia, kumwambia mwenzangu "hapa umejibu swali ambalo hukuulizwa" kulikuwa na tiki kila mahali. Wenzangu walikuwa wakiniletea maandiko ya miradi yao tangu mwaka wa pili, nami sikuwahi kuiona hiyo kama kazi inayoweza kulipwa mshahara. Unachotafuta ni ofisi ambayo tiki zako ndizo siku nzima ya kazi.

Hatua ya pili: Zijue ofisi na kinachofanyika ndani yake

Majina ya ofisi hutofautiana kati ya chuo na chuo, na majina ya vyeo ndiyo hupotosha zaidi: "mratibu" mmoja anasimamia mamilioni, mwingine anapanga mikutano. Soma majukumu, usiishie kwenye cheo.

Naanza na ofisi ya utafiti kwa kuwa ndiyo niijuayo. Kazi yake ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kabla fedha hazijapatikana: kutafuta miito ya ufadhili, kusoma masharti, kujenga bajeti, kuhakiki andiko la maombi, kukusanya sahihi na barua za washirika. Nusu ya pili ni baada ya fedha kuingia: mikataba, matumizi, ripoti, ukaguzi. Watu wa nusu ya kwanza huishi kwa tarehe za mwisho. Wa nusu ya pili huishi kwa mwaka wa fedha. Tabia yako ndiyo itakuambia uende wapi.

Programu ya Horizon Europe ya Umoja wa Ulaya ya kufadhili utafiti, ya mwaka 2021 hadi 2027, ilianza na bajeti ya takriban yuro bilioni 95.5, na kwa kawaida mlango wake wa maombi hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels. Mfumo haupokei visingizio. Nakumbuka andiko lililofika mezani kwangu asubuhi ya siku yenyewe. Sayansi yake ilikuwa nzuri sana. Lakini mtafiti msaidizi alikuwa na miezi 30 ya kazi kwenye maelezo na miezi 24 kwenye bajeti, na barua ya mshirika mmoja haikuwa na sahihi. Tuliketi mimi na mtafiti mkuu, yeye akisoma maelezo kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye Excel, mstari kwa mstari. Tulituma zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Hakuna aliyeniuliza siku ile niliandika tasnifu kuhusu nini, lakini ni miaka ya tasnifu iliyonifundisha kuona kwamba namba ya ukurasa wa 12 haipatani na ya ukurasa wa 41. Uzamivu ulinisaidia pia kumuuliza mtafiti mkuu swali ambalo mhasibu asingeuliza: sampuli hii mtaipataje kwa miezi minne?

Jirani yake ni sekretarieti ya kamati ya maadili ya utafiti. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, utafiti wa tiba unaohusisha binadamu umekuwa na msingi wa kimataifa wa maadili, na leo vyuo vingi hudai kibali hata kwa madodoso na mahojiano. Aliye kwenye sekretarieti husoma maombi kabla ya kamati kukutana, huangalia kama fomu ya ridhaa inaeleweka kwa mtu atakayeisaini, na hufuatilia yanayotokea baada ya kibali kutolewa. Kama kazi yako ya uwandani ilikukutanisha na mshiriki aliyesaini bila kuelewa, unajua kwa nini kazi hii ina uzito.

Maktaba imebadilika sana. Mwaka 2016 zilichapishwa kanuni za FAIR, zinazotaka data za utafiti zipatikane, zifikike, ziweze kuunganishwa na data nyingine na kutumika tena. Tarehe 25 Januari 2023 taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilianza kudai mpango wa utunzaji na ugawanaji wa data kwa kila mradi zinaoufadhili unaozalisha data za kisayansi. Kwa hiyo maktaba zinahitaji watu wanaojua data inavyozaliwa, inavyochafuka na inavyopotea. Mtu aliyewahi kufungua faili lililoitwa "mwisho_kabisa_3" asijue ni lipi hasa la mwisho anaweza kumsaidia mtafiti kuliko yule asiyewahi kulizalisha. Angalizo: nafasi nyingi za ukutubi hudai shahada ya ukutubi, ilhali za usimamizi wa data mara nyingi hazidai. Soma tangazo vizuri kabla ya kujikatia tamaa.

Kwa wanaopenda mashine na meza ya maabara, kuna maabara za pamoja: hadubini za elektroni, mashine za kupima uzito wa molekuli, vifaa vya kusoma mpangilio wa DNA. Vifaa hivi ni ghali mno kukaa kwa mtafiti mmoja, hivyo chuo huajiri mtaalamu wa kuvitunza, kufundisha watumiaji na kushauri jaribio lipangweje. Ni moja ya kazi chache ambamo unabaki karibu kabisa na sayansi bila kuandika andiko la ufadhili kila mwaka. Ukienda huko, ulizia mapema utaratibu wa kutajwa kama mwandishi mwenza, maana hapo ndipo watu huumia kimyakimya.

Ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia hushughulika na uvumbuzi: kupokea taarifa kutoka kwa watafiti, kuamua kama hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, iombwe, kutafuta kampuni ya kuitumia. Nchini Marekani ofisi hizi ziliongezeka sana baada ya sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, iliyoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu. Jambo moja la kila siku huko: makala ikichapishwa kabla ya ombi la hataza kuwasilishwa, nchi nyingi huhesabu kwamba uvumbuzi si mpya tena, wakati Marekani humwachia mvumbuzi mwaka mmoja. Afisa anayejua kumpigia mtafiti simu kabla hajapanda jukwaani kwenye mkutano ana thamani kubwa. Wanaotoka sayansi na uhandisi hupata mlango hapa hata bila shahada ya sheria, kwa kuwa mawakili wa hataza huajiriwa kando.

Kama tiki zako ziko kwenye kufundisha, nenda kwenye vituo vya ufundishaji na ujifunzaji, ambavyo huwafundisha wahadhiri kufundisha, au vituo vya uandishi, ambako unakaa na mwanafunzi mmoja mmoja na sura yake. Kama ziko kwenye mpangilio na ushahidi, kuna uhakiki ubora na ithibati: kupitia mitaala, kuandaa ripoti za kujitathmini, kupokea wakaguzi. Huko Ulaya mchakato wa Bologna, makubaliano ya kuoanisha mifumo ya elimu ya juu yaliyotiwa saini mwaka 1999, uliipa kazi hiyo msukumo mkubwa. Na kama wewe ni mtu wa takwimu, chuo kinahitaji wachambuzi wa data zake chenyewe: wangapi wamedahiliwa, wangapi wameacha, kozi ipi inawaangusha watu na kwa nini. Hii ya mwisho naipendekeza kwa nguvu kwa wanasosholojia, wanauchumi na wanasaikolojia, kwa sababu ni utafiti halisi wenye matokeo yanayoonekana muhula unaofuata.

Zipo nyingine: ushauri wa wanafunzi na wa ajira, shule ya shahada za juu, ofisi ya uhusiano wa kimataifa (ubadilishanaji wa wanafunzi kama wa Erasmus wa Ulaya, ulioanza mwaka 1987, huendeshwa na watu wa ofisi hizi), mawasiliano ya sayansi, makumbusho na hifadhi za nyaraka, uhusiano na wahitimu, na mashirika ya uchapishaji ya vyuo. Wahariri wa mashirika hayo hupenda mtu aliyezama kwenye somo.

Chagua mbili. Ukichagua sita utaandika barua sita dhaifu.

Hatua ya tatu: Zungumza na mtu aliye ndani

Rudi kwenye ukurasa wa shukrani. Watu waliomo wanakujua, na hilo linatosha kuanzia. Waombe dakika ishirini. Usiombe kazi, unaomba kuelezwa. Ujumbe ukiwa mfupi hujibiwa:

"Habari za kazi, Bi. Afisa. Ni mimi niliyeshughulikiwa nanyi mwaka jana kwa kibali cha utafiti wa wakunga. Nakaribia kumaliza uzamivu na nafikiria kazi ya usimamizi wa maadili ya utafiti. Naomba dakika ishirini za wakati wako, siku utakayoona inakufaa, unieleze siku yako ya kazi ilivyo. Nitashukuru sana."

Mkikutana, uliza yale ambayo tangazo haliwezi kukuambia. Wiki iliyopita ulifanya nini hasa, Jumatatu mpaka Ijumaa? Mwezi gani ni mgumu, na kwa nini? Nani akikasirika huja kwako kwanza? Mtangulizi wako alikwenda wapi? Ukiajiri mtu mpya, ungependa awe tayari anajua nini? Swali la mtangulizi ni muhimu kuliko linavyoonekana: kama watatu waliomtangulia waliondoka ndani ya mwaka, utajifunza jambo ambalo hutaliona kwenye tovuti ya chuo.

Maliza kwa kuomba jina moja zaidi la kuzungumza naye. Jioni ileile, tuma shukrani.

Hatua ya nne: Tengeneza ushahidi mdogo kabla ya kuomba

Waajiri wa ofisi hizi wana hofu moja wanapoona mwenye uzamivu: huyu anajua mengi, lakini ataweza kazi yetu? Ondoa hofu hiyo kwa jambo ulilolifanya, hata dogo. Jitolee kuwa mwakilishi wa wanafunzi kwenye kamati ya maadili au ya mtaala. Mwombe msimamizi wako akuachie ripoti ya fedha ya mradi mmoja. Andika mpango wa utunzaji wa data wa kikundi chenu. Endesha warsha ya saa mbili ya kuwaonyesha wenzako jinsi ya kujisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, na jinsi ya kuiunganisha na machapisho yao.

Angalia pia vyama vya wataalamu wa kazi hizi. Cha wasimamizi wa utafiti nchini Marekani, NCURA, kilianzishwa mwaka 1959. Kusini mwa Afrika kuna SARIMA, na Ulaya kuna EARMA. Kusoma mada za mikutano yao kutakupa msamiati wa kazi, na msamiati ndio unaokutambulisha kwenye usaili kama mtu wa ndani au mgeni.

Hatua ya tano: Andika wasifu wako upya kabisa

Wasifu wa kitaaluma huorodhesha vitu ulivyozalisha: makala, mikutano, tuzo. Wasifu wa ofisi huonyesha kazi ulizobeba. Kurasa mbili zinatosha. Machapisho yaende mwisho, mstari mmoja: "makala 5 zilizopitiwa na wataalamu".

Hivi ndivyo mstari mmoja unavyobadilika. Kwenye wasifu wa zamani uliandika:

"Mtafiti wa uzamivu, mradi wa afya ya uzazi vijijini, miaka minne."

Mpya uwe hivi:

"Nilisimamia kazi ya uwandani katika wilaya tatu: niliajiri na kufunza watafiti wasaidizi sita, nilitunza bajeti ya uwandani na kuwasilisha ripoti za fedha kila robo mwaka, nilipata na kuhuisha vibali vya maadili kutoka kamati mbili, na nilikamilisha ukusanyaji wa data wiki mbili kabla ya muda."

Ni mtu yuleyule na miaka ileile, bila uongo wowote. Tofauti ni kwamba msomaji wa mstari wa pili anaona mfanyakazi. Chukua tangazo la kazi, pigia mstari kila kitenzi kilichomo, kisha hakikisha kila kimoja kina jibu lake kwenye wasifu wako. Kisichokuwa na jibu, kiache, usibuni.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, na aya ya kwanza iseme kwa nini kazi hii. Usianze kwa kusimulia tasnifu.

Hatua ya sita: Jiandae kwa swali litakaloulizwa

Wataliuliza kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile: ukipata uhadhiri, si utatuacha? Jibu baya ni kuapa kwamba huupendi tena uhadhiri, hawatakuamini. Jibu zuri linatoka kwenye tiki zako. Mimi nilijibu: "Katika uzamivu wangu siku nilizozipenda zaidi ni zile nilizowasaidia wenzangu kupata fedha za kazi zao. Hapa ningefanya hivyo kila siku." Niliona mmoja wa wasaili akiweka kalamu chini na kuanza kunisikiliza.

Wanaweza pia kukupa jaribio: bajeti yenye makosa, barua ya malalamiko ya mwanafunzi, jedwali la takwimu. Katika jaribio la namna hiyo wanaangalia kama unaandika kwa ufupi na kama unajua nani wa kumuuliza. Mwenye uzamivu hushawishika kuandika kurasa tatu. Andika nusu ukurasa.

Usiwadharau watakaokuwa wenzako. Ukisema "najua hii ni kazi ya uendeshaji tu, lakini…" umeshaanguka. Mtafiti Celia Whitchurch, mwaka 2008, aliziita kazi zilizo kati ya taaluma na uendeshaji "nafasi ya tatu", na waliomo wanajua thamani yao.

Hatua ya saba: Soma mkataba kabla ya kufurahi

Uliza mshahara unatoka wapi. Ukitoka kwenye bajeti ya chuo, nafasi ina mizizi. Ukitoka kwenye mradi, mkataba utaisha na mradi, na ni haki yako kujua tarehe. Uliza ngazi utakayoanzia na kama uzamivu wako unahesabiwa; kwenye vyuo vingine hauongezi kitu kwenye nafasi hizi, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko baada ya mwaka. Uliza ngazi inayofuata ni ipi, na mtu huifikiaje.

Kisha yale yanayowahusu watu kama sisi: je, naweza kuchapisha kwa jina la chuo? Naweza kuomba ufadhili kama mtafiti mkuu, au lazima niwe chini ya mhadhiri? Naweza kufundisha kozi moja kwa mwaka, na nitalipwa? Nitaendelea kufikia maktaba na programu za utafiti? Haya yajibiwe kwa maandishi. Mkuu wa ofisi anayekuahidi kwa mdomo anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na anayekuja hana deni lako.

Hatua ya nane: Miezi mitatu ya kwanza

Wiki ya kwanza, tafuta mfanyakazi aliyekaa miaka mingi ofisini humo, mara nyingi asiye na shahada kubwa, umwombe akuonyeshe jalada moja kutoka mwanzo hadi mwisho: lilivyoingia, lilipopita, lilipokwama. Mwite kwa heshima anayoitwa na wengine, na andika anachosema. Mimi nilijifunza kwa mama mmoja wa masjala mambo ambayo mwongozo wa ofisi haukuwa nayo, ikiwemo kwamba mfadhili fulani hurudisha kila ripoti iliyosainiwa kwa wino mweusi, kwa kuwa hudhani ni nakala.

Usirekebishe chochote mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, chagua jambo moja dogo linalowachosha wote, kama fomu inayojazwa mara mbili, upendekeze lirekebishwe. Mwezi wa tatu, kaa na mkuu wako mpange utakachopimwa nacho mwishoni mwa mwaka, mkiweke kwenye maandishi, kila mmoja abaki na nakala yake.